Mwaka wa Viatu vya Nsimire

Kundi la WhatsApp la wasichana tuliosoma pamoja Kakuma lilianzishwa na Josephine, na tangu siku hiyo simu yangu haijajua kupumzika. "Wasichana" ni neno lake, si langu. Aliye mdogo kati yetu ametimiza arobaini. Tulitakiwa kukubaliana jambo moja tu, siku ya kukutana hapa Lodwar, lakini kwa wiki tatu tulibishana juu ya rangi ya fulana, juu ya keki, juu ya nani atasema sala ya kufungua na nani ya kufunga, na kuna mmoja wetu ambaye kila alfajiri hututumia picha ya maua ambayo hayajawahi kuota Turkana. Nilikuwa nimevumilia yote hayo mpaka Jumapili moja Josephine alipouliza, "Nani ako na namba ya Nsimire?" Watu wakaanza kujibu, mmoja baada ya mwingine, na wote waliandika jina langu: Akiru. Akiru. Uliza Akiru. Nikaitupa simu kitandani. Miaka ishirini na sita imepita, na bado mtu akimtaka Nsimire anabisha mlango wangu, kana kwamba nilikabidhiwa nimtunze. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawakukosea.

Namba yake ninayo. Nsimire ni Mkongo, alikuja Kakuma mtoto na mama yake, na hajaondoka. Siku hizi anafundisha shule ya msingi Kalobeyei, mwendo mfupi tu kutoka pale tuliposoma. Kila Krismasi nampigia. Namuuliza, "Unahitaji nini huko?" Anajibu, "Hapana, tuko sawa." Namwambia nitume mchele. "Hapana, mchele uko." Nitume kitambaa, mimi ni fundi cherehani, kitambaa ninacho tele. "Hapana, Akiru, asante." Nimezoea hapana zake kama nilivyozoea vumbi. Lakini jioni ya Jumapili hiyo Josephine aliniandikia pembeni, nje ya kundi, kwamba Neema, binti wa Nsimire, amepata nafasi katika shule ya kutwa hapa Lodwar, shule zinafunguliwa Jumatatu baada ya mkutano wetu, na mtoto hana pa kulala. Mama yake ametafuta mwezi mzima. Asipopata nyumba, nafasi itapotea. "Kwani hajakwambia?" aliuliza Josephine, na nilisikia raha yake ndani ya maandishi. Hajaniambia. Nina chumba kizima nyuma ya nyumba, hakina kitu ila cherehani yangu ya zamani na marobota mawili ya vitambaa, na Nsimire anakijua chumba hicho, aliwahi kulala humo. Nilikaa kitandani nimefura kama unga wa hamira.

Utaniuliza, si umpigie umwambie amlete mtoto? Hapo ndipo mtu asiyemjua Nsimire anapokosea. Ukimpa kabla hajaomba, atakushukuru kwa mikono miwili na hatachukua. Kuelewa ni kwa nini, inabidi nirudi mwaka ule tulipoingia kidato cha kwanza, mwaka ambao ningependa kuukumbuka kwa mambo mengine. Habari za baba na mama nitaziruka; walikuwa watu wazuri na hawahusiki.

Bweni letu lilikuwa chumba kimoja kirefu, mabati juu, simenti chini, vitanda vya ghorofa pande zote mbili na njia nyembamba katikati. Madirisha yalikuwa na vyuma bila vioo, kwa hiyo upepo wa mchana uliingia na mchanga na kuugawa sawasawa juu ya kila blanketi, hakuna aliyesahauliwa. Saa nane mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mimi nilitoka Lodwar na nilijiona mtu wa mjini hasa. Wasichana wa malisho, wale waliotoka Lopur na kwingineko, waliniona Mturkana nusu, na wakimbizi waliniona Mturkana kamili, kwa hiyo siku ya kwanza sikuwa na pa kuketi. Nilipewa kitanda cha juu. Kwenye cha chini alikuwa ameketi msichana mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, anakata kipande cha sabuni kwa uzi. Alizungusha uzi, akavuta, sabuni ikaachana vipande vitano vilivyolingana. Nilimtazama vile anavyofanya kazi bila haraka katikati ya kelele zile, na nikampenda palepale. Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya. Nikamwambia, "Nipe sabuni."

Kwetu mtu huanza urafiki kwa kuomba. Ukimpenda mtu unaangalia alicho nacho unasema nipe: nipe tumbaku, nipe shanga hizo, nipe mkanda wako, hata kama huna haja navyo. Unamwambia kwa njia hiyo kwamba umemhesabu kuwa wako. Naye ana haki yake. Roho yake ikikubali, anatoa. Isipokubali, anasema emam, hakuna, huku kitu chenyewe kinaning'inia shingoni mwake mnakiona nyote wawili, na hakuna anayenuna. Kesho utaomba tena. Anayeomba mara moja, akanyimwa, akaenda zake, huyo alikuwa mpita njia tu. Kisha na yeye anakugeukia kukuomba wewe, na mkishafika hapo mmeshakuwa watu. Haya yote nilikuwa nayajua bila kujua kwamba nayajua, kama mtu anavyojua kutafuna. Sikujua kwamba kuna watu duniani ambao hawayajui.

Nsimire alinitazama, akachagua kipande kimoja kati ya vitano, akanipa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kidogo. Nilifurahi. Nikangoja aniombe kitu. Nilikuwa nimekuja na kopo la maziwa ya unga ambalo nililiweka wazi makusudi, kila mtu alione. Hakuliomba. Siku ya pili nikaomba chanuo lake, akatoa. Wiki ile nikaomba kalamu, akatoa. Nikaomba kioo kidogo, akatoa, mikono miwili, kichwa kimeinama. Kufikia Machi nilikuwa na nusu ya sanduku lake, na yeye hakuwa ameniomba hata sindano. Nilianza kuomba kwa hasira. Niliomba vitu ambavyo hata mbuzi asingevitaka, kifuniko cha peni, ukurasa mtupu wa daftari, kumlazimisha tu aseme hakuna au anigeukie. Alitoa kifuniko. Alichana ukurasa vizuri kwa rula, akanipa.

Usidhani hatukuwa tunapatana. Jioni tuliketi nje ya jiko na sahani za githeri, mahindi na maharagwe, tukitoa wadudu na kuwapanga ukingoni, naye alinisimulia Bukavu, ziwa na milima ya kijani, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kinanichekesha. "Kule kwetu," alisema, "mvua inakuya kila siku, mpaka unaichoka." Nilimwambia anadanganya, hakuna mtu anayeweza kuichoka mvua. Alinisaidia hesabu. Mimi nilimfundisha kusema ejok, salamu yetu, bila kuimba mwishoni. Tulikuwa tunacheka, halafu nikipanda kitandani kwangu namkumbuka yule mtu wa chini ambaye hajawahi kuniomba kitu, na moyo unaniuma. Niliwahi kumsikia Josephine, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa bweni na tayari alikuwa na maoni juu ya kila mtu, akimwambia mwenzake jikoni, "Yule Mkongo anadharau Akiru vibaya sana. Mtu mnalala kitanda moja mwaka mzima, hakuombi hata chumvi? Hiyo ni kusema wewe si mtu." Nilikuwa nyuma ya ukuta na sahani mkononi. Githeri ilinishinda siku hiyo.

Muhula wa tatu alirudi na viatu vipya. Si vipya vya dukani. Mama yake alivitafuta muda mrefu, akampelekea fundi wa kambini akavishona upya kisigino kwa mshono mdogo mdogo mweupe, na vikapakwa rangi nyeusi mpaka vikang'aa. Vilikuwa vizuri kuliko viatu vya walimu. Alivivua usiku akaviweka chini ya kitanda kwenye karatasi. Asubuhi moja, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka, nilikuwa nashuka kitandani nikaviona pale, na nikasema, "Nipe viatu." Naapa sikuvitaka. Miguu yangu ni mipana, vile visingepita hata kwenye vidole. Nilisema kama mtu anavyosema viatu vyako ni vizuri, na kwa ndani nilijisemea, hivi hatatoa, leo atasema hakuna, atapiga kelele, tutakuwa marafiki. Nsimire aliinama chini ya kitanda. Kisha akavichukua na karatasi yake akanipa. Mikono miwili. Nilivipokea kwa sababu sikujua la kufanya, nikavitupa ndani ya sanduku langu nikalifunga kwa kishindo.

Ijumaa tulisimama mstari. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja aliyeamini kwamba elimu huingia kupitia miguu. Alikuwa anapita mstari baada ya mstari kichwa kimeinama, akikagua viatu, na uso wako hakuujua. Alifika kwa Nsimire, akakuta slipa.

"Wewe. Viatu yako iko wapi?"

"Biko kwetu, Madam."

"Kwenu wapi?"

"Kambini, Madam."

"Basi chukua karatasi ya ruhusa uende uvilete. Jumatatu bila viatu nyeusi huingii mtihani. Nimemaliza."

Sote tulijua maana yake. Wasichana wa kambini walisomeshwa na shirika, na shirika lilikuwa na orodha ndefu ya waliongoja. Aliyekosa mtihani wa mwisho wa mwaka, nafasi yake ilipewa aliyefuata katika orodha. Mimi nilikuwa nyuma ya Nsimire, hatua moja, na ufunguo wa sanduku ulikuwa umefungwa shingoni mwangu. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Sikuufungua. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nasikia aibu ya kutaka kutoka ndani ya ngozi yangu, lakini nitasema ukweli: nilikuwa na hasira naye kuliko huruma. Angegeuka tu. Angesema, Akiru, nirudishie. Maneno mawili! Alidanganya mbele ya shule nzima ili asinitaje, akachukua karatasi yake, akaondoka kwa slipa kuvuka kiwanja, na hakunitazama. Kama angenitukana ningelala usingizi mzuri.

Jumamosi nilimwambia matroni jino linaniua. Alinipa karatasi ya kwenda zahanati, nikavitia viatu kwenye mfuko wa nailoni nikavuka mto mkavu kuelekea kambini. Nilikuwa sijawahi kuingia ndani hivyo. Nilipita maduka ya Wasomali, nikapita mahali wanaume walikuwa wanapiga kelele kwa Kiarabu cha Juba juu ya baiskeli moja, nikauliza njia mara nne, na kila niliyemuuliza alinitazama mimi kwanza, halafu mfuko. Mturkana mwenye mfuko mtaani kwao. Nilijua wanafikiri nini, kuni au mkaa, au nimekuja kuomba unga. Nyumba ya kina Nsimire ilikuwa ya matofali ya udongo, ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mama yake alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisema ejok, nikakumbuka, nikasema shikamoo.

"Marahaba, binti. Ingia, ingia. Njo weye Akiru?" Alinishika mkono kwa mikono miwili, na nikaona Nsimire alijifunzia wapi. Sikuwa nimemaliza kuketi nikawekewa bugali na sombe, sahani imejaa, na mama akarudi nyuma ya shuka iliyogawa chumba. Ndani kulikuwa na kigoda nilichokalia, kitanda, na sanduku la bati la Nsimire, lile ambalo nusu yake nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa na njaa, nikala. Nilikuwa nimefika katikati ya sahani nilipomsikia mama anaongea na bintiye nyuma ya shuka, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chao, labda akidhani Mturkana hataelewa.

"Ule njo mwenye aliomba biatu?"

"Njo yeye, Mama."

"Na sasa anakuya kuomba nini tena?"

"Sijue."

"Hatuna kitu. Utamupatia nini? Mungu wangu. Mutafutie ile kitenge, akamate, aende."

"Mama, ile kitenge ni ya kuvaa kanisani."

"Mupatie. Tuko kwa bulongo ya watu, udongo si yetu."

Nikalirudisha tonge. Niliangalia sahani na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hapakuwa na sahani nyingine mahali popote, kwamba chakula nilichokuwa nakula kilikuwa cha watu wawili. Nilisimama. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa upole, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa kelele. "Nsimire! Toka huko! Mbona hukuniambia hapana?"

Alitoka na kitenge mkononi. Alikuwa kweli anakuja kunipa kitenge cha mama yake. Nikavimwaga viatu mkekani. "Mbona hukusema hakuna? Miezi yote hii! Mimi nakuomba tu, wewe unatoa tu, unatoa tu! Kwani huna mdomo?"

"Mutu akikuomba," alisema Nsimire, na niliona naye amekasirika, hatimaye, "maana yake amekwama. Unaweza kumwambia hapana mutu mwenye amekwama? Na ni shiye tulikuya kwenu. Maji ni yenu, udongo ni yenu. Nitakunyima sabuni?"

"Sikuwa nimekwama! Mimi nilikuwa nataka tuwe marafiki!"

Mama yake alitazama huyu, akatazama yule, akaketi kitandani taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwaka mzima amekuwa akizima moto ambao haukuwapo. Nikamweleza, kwa Kiswahili changu cha Lodwar kilichovurugika kwa machozi, jinsi kwetu mtu anavyoomba na mtu anavyokataa. Alinisikiliza. Kisha akasema nimefanya vizuri kuja, lakini viatu hawezi kuvipokea. Kwao zawadi ikishatoka hairudi mlangoni; kuirudisha ni kumwambia mtu humtaki. Nikamwambia Nsimire basi ni rahisi, vya kwangu hivi, niombe, nitakupa, vitakuwa zawadi yangu kwako. Sema tu nipe.

Alitikisa kichwa.

"Nsimire, mtihani ni Jumatatu."

"Siombi."

"Neno moja!"

"Kila mwezi nasimama kwa foleni na kadi," alisema, "tangu niko mudogo. Nashika kadi, nashika gunia, nangoja bataniambia leo iko ama haiko. Sitakusimamia foleni na weye, Akiru. Weye hapana."

Nilishika kichwa. Nani aliwahi kuona ukaidi kama huo? Pale mkekani viatu viwili vinang'aa, havina mwenyewe. Mimi siwezi kuvichukua, mama hawezi kuvipokea, na mwenye miguu hataki kuviomba. Nilizunguka kile chumba mara mbili, na hakikuwa chumba cha kuzunguka. Ndipo likanijia, si kwa akili bali kwa kuchoka. Kama hawezi kuomba, basi ajifunze kunyima. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono kama siku ile ya kwanza na sabuni.

"Nsimire. Nipe viatu hivyo."

Alinikodolea macho. Mama yake akafungua mdomo aniambie nichukue, nikamwomba kwa mkono anyamaze.

"Nipe viatu hivyo, ni vizuri, navitaka."

Nsimire aliviangalia. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini, "Hapana."

"Sikusikia."

"Hapana. Sikupi." Akainama akaviokota akavikumbatia kifuani. "Hakuna. Ni byangu." Na aliposema hivyo alianza kucheka, mkono mdomoni, na mama yake akasema "Nsimire!" kwa mshtuko wa mtu aliyemsikia mwanawe akitukana kanisani, kisha naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kile kitenge. Tulimaliza sombe sote watatu kwa sahani ile moja.

Jumatatu alipita mbele ya naibu na kisigino chake cha mshono mweupe, akaingia chumba cha mtihani, na matokeo yalipotoka alikuwa amenishinda masomo yote ila jiografia. Nilimrudishia vitu vyake kwa njia ileile, kimoja kimoja: naweka kitandani kwake, naomba, ananyima. Na hapo nilikuwa nimejitafutia maudhi mengine, maana aliupenda mchezo. Miaka mitatu iliyobaki sikupata kwake hata pini. Nikisema nipe wino, "Hakuna," chupa iko mkononi. Nikisema nipe nafasi nikae, "Hakuna." Bweni zima lilikuja kusikiliza. Josephine alisema sasa hao wawili wamekuwa dada. Lakini upande wa pili haukufunguka kamwe. Alijifunza kuninyima kama Mturkana aliyezaliwa Kalemng'orok, na kuniomba hakujifunza. Niliacha kumlaumu kwa hilo siku ile kambini. Sikuacha kungoja.

Basi ndiyo sababu sikumpigia kuhusu Neema. Nilinyamaza wiki nzima nikiwagombeza wateja. Mkutano wetu ulifanyika Jumamosi, chini ya turubai, fulana za zambarau ambazo hazikumkaa mtu yeyote vizuri, sala tatu badala ya mbili. Nsimire alikuja na binti yake, msichana mrefu mwenye macho ya kuangalia kila kitu, na aliketi kando yangu tangu hotuba ya kwanza mpaka keki. Nilimpa kila nafasi. Nilitaja shule. Nilitaja nyumba yangu jinsi ilivyo kimya siku hizi watoto wameenda. Alisema, "Eeh, watoto banakua." Alizungumzia mvua, alizungumzia darasa lake la wanafunzi mia na kitu, na Josephine alikuwa ananikanyaga chini ya meza mpaka nikamwambia kwa sauti aache. Saa kumi watu walianza kuagana. Nilikwenda kwenye bomba kunawa mikono, nimekata tamaa na nimekasirika, na ninapiga hesabu kichwani nani wa kumleta mtoto kwangu kwa ujanja ili aonekane amekaribishwa na mtu mwingine. Nilisikia slipa nyuma yangu.

"Akiru."

"Eeh."

"Ile chumba yako ya nyuma. Yenye cherehani."

Sikugeuka. Niliendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi. "Imefanya nini?"

Nilifunga bomba nikasikia maji yanadondoka.

"Nipatie," alisema. "Ya Neema."

Miaka ishirini na sita. Nilikuwa na hotuba tayari, nilikuwa nayo tangu kidato cha pili. Nikageuka kumkumbatia, na ulimi wangu, ambao kwa maisha yake yote haujawahi kunisaidia, ukasema neno ambalo mtu wa kwetu husema bila kufikiri, anapoombwa na rafiki kitu kizuri.

"Hakuna."

Lilipotoka nilitaka kulirudisha kwa mikono. Niliuona uso wake ukifungwa, nikaiona kadi na gunia na foleni, na nikajua nimeua kitu kwa mzaha, kama nilivyokiua Ijumaa ile mstarini kwa kunyamaza. Alisimama hapo na mkoba wake mbele ya tumbo, ameushika kwa mikono miwili. Akatazama njia ya getini, ambako binti yake alikuwa anangoja. Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, na sijui aliona nini usoni mwangu, ila pembe ya mdomo wake ilianza kucheza.

"Nipatie," alisema tena.

Tuliitoa ile cherehani Jumapili baada ya kanisa, yeye mbele akirudi kinyumenyume, mimi nyuma, na ni nzito kuliko nilivyokumbuka. Alinikanyaga mara mbili.